Je, Wajua Jinsi Programu ya Kompyuta Inavyokokotoa Alama za Kulengea za Upinde?

Katika mashindano ya upinde ya Olimpiki, mlengaji husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha, umbali unaokaribia upana wa kiwanja cha mpira cha Benjamin Mkapa pale Temeke, na duara la alama kumi analolitafuta lina kipenyo cha sentimita 12.2 tu. Mshale unaotoka kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde hufika baada ya sekunde moja na ushei, na katika muda huo mvutano wa dunia huwa umeushusha takribani mita saba chini ya mstari ulioelekezwa mwanzoni. Kwa hiyo mshale hauelekezwi kwenye shabaha hata kidogo, bali juu yake, na kifaa cha kulengea kilichofungwa mbele ya upinde ndicho kinachomwezesha mlengaji kuiweka shabaha machoni wakati mshale umeinuliwa.

Kifaa hicho kina ufito wenye mistari ya milimita, na juu ya ufito huo nukta ya kulengea hupandishwa au kushushwa. Shabaha ikiwa mbali zaidi nukta hushushwa, ili mkono ulioshika upinde ulazimike kupanda. Kila umbali una alama yake, yaani mstari wa ufito ambapo nukta hukaa, na mtu anaweza kuzitafuta zote kwa kurusha mishale mingi katika kila umbali. Programu humpunguzia kazi hiyo, kwani huomba alama mbili tu zilizopatikana kwa kurusha kweli, kisha huzijaza nyingine zote.

Kwa nini mbili? Kwa sababu mambo makubwa yasiyojulikana ni mawili. La kwanza ni mahali ufito unapoanzia kuhesabu, jambo ambalo hutegemea tu jinsi kifaa kilivyofungwa. La pili ni kasi ya mshale. Alama ya mita 30 ikitolewa kwenye ile ya mita 70, lile la kwanza hujifuta lenyewe na inayobaki ni tofauti iliyobeba kasi ndani yake. Chukua mlengaji ambaye jicho lake liko sentimita 90 nyuma ya nukta: mshale wake ukienda kwa mita 60 kwa sekunde, alama hizo mbili zitaachana kwa zaidi kidogo ya milimita 50, ukienda kwa mita 55, zitaachana kwa milimita 60 hivi. Programu hulifuata swali hilo kinyumenyume, ikijaribu kasi moja baada ya nyingine hadi ipate inayolingana na vipimo ilivyopewa, na ndiyo maana mtu asiye na kifaa cha kupimia kasi anaweza kuijua kasi ya mshale wake kwa rula. Uzito wa mshale, unene wake na ukubwa wa manyoya yake huingizwa pia, kwa sababu ukinzani wa hewa hupunguza kasi njiani.

Mtu anaweza kudhani kwamba angetosheka na kugawanya nafasi kati ya alama zake kwa usawa. Kwa masafa ya kati angekosea kidogo tu, lakini akisimama karibu na shabaha mambo hugeuka. Jicho liko juu ya mshale kwa sentimita 12 hivi, na katika mita chache za mwanzo mshale bado haujapanda vya kutosha kuufikia mstari wa macho. Matokeo yake ni ya ajabu: kwa upinde wetu wa mfano, alama ya mita 5 ni karibu ileile ya mita 18, na nukta hufika juu kabisa kwenye mita tisa au kumi hivi. Kwa maoni yangu hapa ndipo programu inapostahili sifa zaidi, maana ni wachache wangelikisia jambo hilo.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam ambaye uwanja wake wa mazoezi unaishia mita 30, kishawishi ni kuipa programu alama za mita 20 na 30 kisha kuiuliza ya mita 70. Jibu litatoka, lakini kosa la milimita moja kwenye alama ya mita 30 litakuwa limekua hadi karibu milimita tano, na kwa kuwa kila milimita kwenye ufito ni sentimita nane hivi kwenye shabaha ya mita 70, mshale uliostahili duara la kumi utatua kwenye duara la nne. Alama mbili zinapaswa kuwa mbali iwezekanavyo, na kila moja itokane na mishale mingi, si mmoja uliobahatika.

Hewa nayo ina neno. Akipanda kwenda Arusha, mwenyeji wa Dar atakuta hewa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na mishale yake ya mita 70 itapiga juu kwa sentimita kama nne. Unyevu wa pwani, kinyume na wengi wanavyoamini, hauifanyi hewa kuwa nzito, kwa maana mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Kuhusu kusi na kaskazi, orodha ya alama haina msaada: upepo wa ubavuni hubadilika kati ya mshale na mshale, na marekebisho yake hubaki mikononi mwa mlengaji.