Si kila unga wa kijani ni matcha

"Kama huna matcha, pasua pakiti za chai ya kijani usage kwenye blenda." Shauri hili limeenea kwenye mapishi ya keki, aiskrimu na vitamu vya Kijapani, na kila linaporudiwa, mtu mwingine anatupa unga, siagi na sukari yake bure. Matcha ni unga laini sana wa tencha. Tencha ni jani la mchai lililowekwa kivulini wiki tatu hivi au zaidi kabla ya kuchumwa, likapigwa mvuke, likakaushwa bila kusokotwa, kisha likaondolewa vikonyo na mishipa. Jani ambalo halikupita njia hiyo, hata likisagwa laini vipi, ni unga wa chai ya kijani.

Anayechanganya ana sababu, kwa kuwa jina lenyewe kwa Kijapani lina maana ya chai iliyosagwa, basi. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Enzi ya Song huko China, chai iliyogandamizwa ilisagwa na kupekechwa katika maji moto, na mtawa Eisai aliporejea Japani mwaka 1191 alirudi na mbegu za mchai pamoja na desturi hiyo ya kunywa. Mwaka 1391 Hongwu, mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming huko China, alifuta kodi iliyokuwa ikilipwa kwake kwa chai ya kugandamizwa. Wachina wakazidi kuhamia kwenye majani ya kulowekwa, Wajapani wakabaki na unga. Kisha karne ya 16 wakulima wa Uji, karibu na Kyoto, wakawa wanafunika mashamba yao kwa matete na mabua ya mpunga. Hapo ndipo jina la zamani lilipoanza kubeba kitu kipya. Sencha, chai ya kijani ambayo Wajapani wengi huinywa kila siku, ilikuja baadaye: mbinu yake ya kupiga mvuke na kusokota inahusishwa na Nagatani Soen, mkulima wa Uji, mwaka 1738.

Kivuli ndicho kiini cha jambo zima. Mizizi ya mchai hutengeneza theanini, ambayo ndiyo huipa chai ladha nzito ya kukolea kama ya supu. Jua likipiga jani, sehemu ya theanini hiyo hugeuka katekini, na katekini ni chungu, hukausha ulimi. Shamba likifunikwa, theanini hubaki, na jani, likitafuta mwanga, huongeza klorofili, yaani rangi yake ya kijani. Kwa hiyo rangi ile ya kijani kibichi na ladha isiyochoma koo vimeshaamuliwa shambani. Blenda haiwezi kuvirudisha.

Kusokota nako kuna athari yake. Jani la sencha huviringwa likawa kama sindano, mishipa ikiwa ndani, na likisagwa hutoa chembe za kukwaruza. Tencha ni vipande vyembamba vya nyama ya jani peke yake, vinavyosagika hadi chembe za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) kumi hivi. Jiwe la itale huzungushwa polepole, likitoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa, kwa sababu joto la kusaga kwa kasi huua harufu. Bei ya kopo dogo inaanzia hapo.

Anayetaka kuiona tofauti kwa macho apike yokan ya matcha, jeli nzito ya maharage, kwa kuwa yokan haifichi kitu. Chukua maji mililita 250 na gramu 4 za unga wa kanten, yaani agari ya mwani. (Mwani unaolimwa Unguja na Pemba hutoa karajini, ambayo ni kitu kingine, usitegemee ikugandie vilevile.) Chemsha dakika mbili kamili ukikoroga, maana kanten isiyoyeyuka yote huacha jeli yenye maji maji. Sukari, gramu 50, itie baada ya kanten kuyeyuka, ikitangulia huizuia. Ongeza gramu 400 za rojo tamu la maharage meupe yaliyochemshwa, kumenywa maganda na kuchujwa, kisha pika kwa moto mdogo hadi mwiko uache njia chini ya sufuria.

Sasa ondoa motoni. Gramu 8 za matcha ziwe zimeshachekechwa na kupekechwa na vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu, kwani matcha hushikana mabonge na ukiimwaga kavu hutaweza kuyavunja tena. Koroga sufuria ndani ya beseni la maji hadi joto lishuke nyuzi 60 hivi, changanya matcha, mimina kwenye chombo. Ukimimina ikiwa moto sana, maharage na chai hutuama chini na juu kunabaki tabaka la jeli tupu. Ukichelewa hadi chini ya nyuzi 40, kanten inakugandia sufuriani. Unga wa sencha hutuama hata ukiwa mwangalifu, na yokan hutoka na madoadoa na mchanga mdomoni.

Kwenye keki kosa hujificha zaidi. Kipimo cha kawaida ni gramu 6 hadi 8 za matcha kwa gramu 100 za unga wa ngano, zilizochekechwa pamoja, oveni nyuzi 160 hadi 170. Hata matcha halisi hupauka ikiunguzwa au ikikutana na limau: joto na tindikali huitoa magnesi kwenye klorofili, na kijani hugeuka rangi ya zeituni. Mtu akiona keki ya kahawia asikimbilie kuilaumu chai. Aangalie kwanza moto.

Jingine linalochanganywa: vitamu vya matcha katika desturi ya Kijapani ni vile vinavyoliwa kabla ya kunywa matcha, ili utamu utangulie uchungu. Vingi havina hata chembe ya chai ndani. Kuitia chai kwenye biskuti na aiskrimu ni mtindo wa karibuni zaidi, nao ni mzuri, ila usiitwe desturi ya kale. Na maandishi "daraja la sherehe" kwenye kopo ni lugha ya wauzaji. Japani haina kipimo rasmi cha jina hilo. Kwa kupikia, matcha ya mavuno ya pili, yenye uchungu kidogo, husikika vizuri zaidi mbele ya maziwa na sukari kuliko ile ya bei ya juu.

Unga wa chai ya kijani nao si wa kutupwa. Kwenye biskuti za siagi, ambazo tayari zina chengachenga, unakubalika kabisa. Anza na nusu ya kipimo cha matcha, uonje, na kwenye mapishi uandike "unga wa chai ya kijani" ili atakayefuata ajue asitegemee rangi ile.