Je, wajua kwa nini Iceland ina mnyama mmoja tu wa porini aliyefika mwenyewe?

Iceland ni kisiwa kikubwa kweli, kilomita za mraba kama 103,000, kiko kule juu kabisa kaskazini mwa Atlantiki, lakini ukiuliza wanyama wa nchi kavu wanaonyonyesha walioingia bila kuletwa na binadamu na wakabaki, jibu ni mmoja tu, mbweha wa aktiki, yaani wa eneo la baridi kali kuzunguka ncha ya kaskazini. Mbwa mwitu hakuna, sungura mwitu wa kule Greenland hakuvuka, nyoka na vyura ndo kabisaa.

Sababu ni kwamba kisiwa chenyewe kimetoka chini ya bahari kwa volkano, hakijashikana na bara kwa mamilioni ya miaka, halafu enzi ya barafu ilipokuja kikafunikwa karibu chote. Yaani hata kama kulikuwa na kitu kinatembea pale kingepona vipi? Barafu ilipokwisha kuyeyuka sehemu kubwa, miaka kama 10,000 iliyopita, karibu kila kiumbe kilitakiwa kuanza upya kutoka ng'ambo, na Greenland ambayo ndo jirani wa karibu iko karibu kilomita 300.

Sasa mbweha aliwezaje? Huyu ana tabia ya kutembea juu ya bahari iliyoganda, anamfuata dubu mweupe kwa mbali anakula mabaki ya sili, mnyama wa baharini anayewindwa na dubu huyo, kwa hiyo safari ndefu ambayo panya mdogo angekufa njaa njiani yeye anaimudu. Dubu wenyewe mpaka leo mara mojamoja wanafika wakiwa juu ya vipande vya barafu toka Greenland ila hawajawahi kuweka makazi.

Na hapa ndo mi napendea huyu mbweha. Kwingine aktiki wenzake wengi wanategemea panya wanaoitwa lemingi, Iceland lemingi hakuna, basi akahamia kwenye ndege na mayai na chochote bahari inachotupa ufukweni, majira ya joto anafukia mayai ardhini ale baadaye. Wengi wa kule hata si weupe, wana manyoya ya kahawia iliyokolea mwaka mzima, maana ukiwinda kwenye mawe na mwani wa pwani weupe unakuumbua.

Chakula hicho kipo cha kumwaga kwa sababu maji ya uvuguvugu kutoka kusini yanakutana na ya baridi ya aktiki, virutubisho vinapanda juu, samaki wadogo wanajaa, na ndege wanawafuata. Genge la mwamba wa pwani liitwalo Látrabjarg lina urefu wa kilomita kama 14 na sehemu zingine linapita mita 400 kwenda juu, limejaa ndege wa baharini kila kiangazi. Wale pafini wenye midomo ya rangirangi, zaidi ya nusu ya pafini wa Atlantiki duniani wanazaliana Iceland. Buabua wa aktiki wanataga kule halafu wanaenda zao mpaka upande wa ncha ya kusini, na kuna ndege mmoja wa matopeni, mdomo mrefu umepinda chini, anatoka Iceland anaruka moja kwa moja bila kutua mpaka Afrika Magharibi, pwani za Guinea-Bissau huko, siku kama tano hewani!

Wanyama wengine wote unaowaona kule wameletwa. Kulungu wa baridi walitoka Norwei karne ya 18, sasa wanazurura mashariki mwa kisiwa. Minki, wanyama wadogo wala nyama, waliletwa 1931 kufugwa kwa ajili ya manyoya, wakatoroka, na hao wanawaumiza sana ndege kwa sababu wanaogelea na kupenya mashimo ambayo mbweha hapiti. Mbweha naye aliwindwa karne na karne kwa kuwa anashika kondoo, na bado anawindwa, ila kwenye hifadhi ya Hornstrandir, kaskazini-magharibi, huko analindwa na watu wakipita anawatazama tu bila kukimbia.