Faini Imelipwa, Kesi Haijaisha

Madereva wengi wa Mwanza wanaijua sheria ya barabarani kwa sura moja: trafiki kasimamisha gari Buhongwa au Igoma, kaandika faini ya shilingi 30,000, au 10,000 kwa bodaboda na bajaji, imelipwa, safari inaendelea. Mazoea hayo huwaponza siku wanapogonga mtu. Dereva anafikishwa mahakamani huku maneno ya wenzake wa kijiweni yakimzunguka kichwani: “Wewe kiri tu, utapigwa faini, utoke.” Anakiri bila kujua kwamba alichokiri kinaweza kumfuata hadi kwenye kesi nyingine.

Tuanze na kosa lenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inatenganisha uzembe na uendeshaji wa hatari. Aliyerudi nyuma bila kuangalia akakwangua gari la mwenzake, kwa kawaida hushtakiwa kwa uzembe. Uendeshaji wa hatari ni mzito zaidi, na si lazima mtu aumie ndipo uwe kosa. Mahakama huangalia mwendo na namna gari lilivyoendeshwa, ikizingatia hali ya barabara, matumizi yake, na watu ambao dereva alipaswa kutarajia kuwakuta. Ndiyo maana kujitetea kwamba “sikuzidi 50” hakutoshi. Kilomita 50 kwa saa ni ukomo wa maeneo ya makazi, lakini Mabatini jioni, biashara zikiwa zimefika ukingoni mwa lami, mwendo huohuo unaweza kuwa wa hatari.

Mtu akifariki, habari ya kuandikiwa faini barabarani haipo tena. Hiyo ni kesi ya jinai, kifungo kinawezekana, na mahakama inaweza kumfutia dereva leseni na kumzuia kupata nyingine kwa miaka. Kwa anayeishi kwa usukani, mimi naona hilo la leseni linauma kuliko faini yoyote.

Sasa lile la kukiri. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, yaani muda wa rufaa umepita au rufaa imeamuliwa, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Familia ya marehemu ikifungua madai ya fidia, haina haja ya kuthibitisha upya kosa hilo. Dereva hawezi kugeuka na kusema hakuwa na kosa lolote, eti marehemu ndiye aliyejirusha barabarani. Simshauri mwenye kosa akane. Kukiri kwa kweli mahakama hukuzingatia inapopanga adhabu. Ila maelezo ya kosa yanaposomwa, asikilize kila sentensi, na asikubali jambo ambalo halikutokea.

Wapo wanaoyamaliza msibani: jeneza, ubani, gari la kusafirisha mwili hadi Sengerema au Magu. Ni utu, na hakimu anaweza kuuzingatia. Lakini anayeshtaki ni Jamhuri, hivyo wazee wa pande mbili wakipeana mikono, kesi ya jinai haifutiki.

Wamiliki nao wasijione wako salama kwa sababu hesabu inaletwa jioni. Dereva akiwa kazini kwa ajili yako, unaweza kudaiwa fidia pamoja naye. Hatari kubwa ninayoiona ni deiwaka, yule dereva wa kushikiza wa siku moja. Dereva uliyemwajiri amechoka, amempa usukani kijana asiye na leseni ya daraja husika, akapige tripu mbili za Nyegezi. Ikitokea ajali, kampuni ya bima inaweza kumlipa aliyeumizwa kisha ikakugeukia wewe uirudishie fedha. Na ile bima ya lazima, ya mtu wa tatu, haitengenezi gari lako hata senti moja.

Dereva aliyegonga ana wajibu wa kusimama, kusaidia majeruhi na kutoa taarifa polisi. Najua hofu ya wananchi wenye hasira. Kama maisha yako yako hatarini kweli, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe; gari likikutwa limefichwa uani siku ya pili, maelezo yako yatakuwa magumu kuaminika.

Kwa aliyeumizwa: chukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, andika namba ya gari, na hakikisha bima yake kwa namba hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Kampuni ya bima iarifiwe mapema kwamba kesi inafunguliwa. Madai ya namna hii kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu, na familia nyingi huimaliza zikisubiri kesi ya jinai iishe. Si lazima kusubiri. Kama aliyegongwa amefariki, ndugu waanze na kikao cha familia, waandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha waende nao mahakamani pamoja na cheti cha kifo ili ateuliwe rasmi na asimamie madai hayo.