Leza ya simu hupimwaje kabla haijawashwa?

Mfuga kuku humulika yai kwa tochi gizani akajua kama lina kifaranga, bila kulivunja. Wanaotengeneza leza ndogo, kama zile za simu inayofunguka kwa kutambua uso, nao humulika. Ila yai lao ni gumu kusomeka.

Leza hizo huoteshwa kwa maelfu juu ya kisahani kimoja cha galiamu asenaidi (aina ya semikondakta), tabaka juu ya tabaka. Chini kuna kioo, juu kuna kioo, kila kimoja kimejengwa kwa makumi ya matabaka, na kati yao kuna matabaka yanayotoa mwanga, kila moja likiwa na unene wa nanomita 10 hivi au pungufu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Unene wote ukizidi kwa asilimia 1 tu, leza iliyokusudiwa kutoa mwanga wenye urefu wa wimbi, yaani rangi, wa nanomita 940 inasogea hadi karibu 949.

Kwa hiyo kisahani kinamulikwa mwanga mweupe na kupimwa kinachorudi. Vioo hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya mwanga wa eneo lao, isipokuwa kwenye kibonde kimoja chembamba katika grafu. Kibonde hicho ndicho urefu wa wimbi ambao nafasi iliyo kati ya vioo inaukubali.

Lakini matabaka yenye kutoa mwanga je? Ukiyachokoza kwa leza nyingine yatang'aa, ila mng'ao huo unachujwa na kioo cha juu, hivyo unachokiona ni rangi ya kioo zaidi kuliko yao. Ujanja ni kuiwasha na kuizima leza ya kuchokoza mamia ya mara kwa sekunde, huku mwanga mwingine ukipima kisahani kinaakisi kiasi gani. Uakisi hubadilika kidogo mno, mara nyingi chini ya sehemu moja kwa elfu, lakini kifaa husikiliza badiliko linalofuata mdundo ule tu na kupuuza kelele nyingine zote.

Hivyo rangi ya matabaka yenyewe hujulikana. Kinachotafutwa ni pengo kati ya rangi mbili: ya matabaka hayo na ya vioo, yaani ile ya kibonde. Pengo hilo huachwa kusudi. Leza ikipata joto, rangi ya matabaka husogea kama nanomita 0.3 kwa kila digrii, ya vioo 0.07 hivi tu. Kisahani ambacho rangi zake zinalingana sawasawa kikiwa baridi huenda kikatoa leza zinazofifia simu ikishapata moto.