Jasho la kidole halisemi kama abiria analiamini gari

Katika miradi ya magari yanayojiendesha kuna kauli isiyokoma kurudi: "Washiriki tumewavisha sensa za jasho, kwa hiyo imani yao tumeshaipima." Hamjaipima. Mlichopima ni msisimko wa mwili, na mwili husisimka kwa sababu nyingi mno.

Sensa hiyo hupitisha umeme mdogo sana, kwa kawaida volti 0.5, kati ya elektrodi mbili, yaani vipande vya kupitishia umeme vinavyobandikwa kwenye ngozi, ikasoma jinsi jasho linavyorahisisha umeme kupita. Tezi za jasho haziulizi kama umeogopa, umefurahi au umekohoa. Vuta pumzi ndefu mara moja tu na mstari wa mchoro wake utapanda. Ndiyo maana wazoefu humwambia mshiriki avute pumzi kabla ya jaribio, wahakikishe kwamba kifaa kinasoma. Kucheka hupandisha mstari, kuzungumza hupandisha, hata mlango uliobamizwa.

Chukueni tukio moja. Gari linakaribia kivuko, mtembea kwa miguu anaingia barabarani, breki zinashika. Sekunde 1 hadi 3 baadaye mstari wa abiria unapanda. Alihofia gari halitasimama? Alimwonea huruma yule mtu? Au ni mkanda tu uliombana kifuani? Mchoro ni uleule kwa yote matatu. Tena saa ya sensa ikipishana na saa ya simuleta, mtambo wa kuigizia safari, kwa sekunde chache, mshtuko wa kivuko mtaubandika kwenye tukio lililofuata, kisha muandike matokeo yenye jedwali zuri na maana potofu.

Kibaya zaidi ni mstari uliotulia. "Ametulia, basi anaamini." Huenda anasinzia. Huenda amechoshwa na jaribio. Huenda amelitegemea gari kupita uwezo wake, na hapo ndipo watu hufa. Tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku anasukuma baiskeli. Mfumo ulikuwa umemgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, ila ukawa unabadilisha uamuzi: gari, kitu kingine, baiskeli. Mwangalizi aliyeketi kwenye usukani alikuwa anatazama simu. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitaja wazi ule ulegevu unaowapata watu wanaosimamia mashine iliyozoeleka. Mtu wa namna hiyo akivishwa sensa, mstari wake unaweza kulala kabisa, na mchambuzi mvivu ataandika "imani ya juu" kana kwamba ni sifa.

Mkishikilia kutumia jasho, basi fanyeni kazi sawasawa. Elektrodi zikae upande wa ndani wa kidole cha shahada na cha kati, mkono asioutumia sana; bangili yenye sensa, ya kifundo cha mkono, inakaa penye tezi chache kuliko vidoleni. Mikono ioshwe kwa maji, isipanguswe kwa spiriti, maana spiriti hukausha ngozi. Subirini dakika 5 hadi 10 jeli ya elektrodi itulie, kisha rekodini dakika kadhaa za mshiriki akiwa amepumzika. Joto la chumba lisibadilikebadilike. Mshiriki anayeshika usukani ataziminya elektrodi na kuharibu data, kwa hiyo zihamishieni kwenye wayo wa mguu usiokanyaga pedali. Na mtu alinganishwe na nafsi yake, si na jirani, kwa kuwa wapo ambao ngozi zao karibu hazionyeshi mwitikio wowote.

Kando ya jasho wekeni macho, mguu na mdomo. Mtafiti Hergeth na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba wanaoliamini gari zaidi hulikagua mara chache zaidi. Kamera ndogo chini ya dashibodi itawaonyesha mguu unaoelea juu ya breki, ishara ambayo mimi huithamini kuliko bangili yoyote. Kisha ulizeni kwa maneno wanaliamini gari kiasi gani, kati ya 0 na 100, baada ya matukio mliyoyachagua. Msiulize kila dakika, swali lenyewe humzindua mtu. Jibu la 70 nalo halina maana mpaka mjue gari linaweza nini mahali hapo. Watafiti Lee na See waliliandika hili mwaka 2004: imani iwiane na uwezo wa mashine. Mteja anayetaka imani "ipande" tu, anataka tangazo la biashara.

Kauli nyingine za miradi hiyo nazijibu haraka.

"Kamera itasoma hisia usoni." Anayekaza macho barabarani hukunja uso kama aliyekasirika. Mapitio makubwa ya Barrett na wenzake mwaka 2019 yalionyesha kuwa uso hautoshi kubaini hisia. Kugundua usingizi ni jambo jingine, kope zinazofumba zinapimika.

"Gari likijieleza zaidi litaaminiwa zaidi." Koo na wenzake, 2015: kueleza kwa nini gari linafunga breki kulipendwa. Kutangaza tu kwamba linafunga kuliharibu uendeshaji. Yote mawili pamoja yaliongeza usalama, na yakawakera watu.

"Gari tulipatie jina na sauti ya mtu." Itafanya kazi, jaribio la Waytz na wenzake mwaka 2014 lilipandisha imani kwa njia hiyohiyo. Gari halikuongezeka uwezo hata chembe, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

"Dodoso moja mwishoni linatosha." Lile linalopendwa, la Jian na wenzake la mwaka 2000, lina vipengele 12, na 5 vya kwanza vyote ni vya kushuku. Mpangilio huo peke yake unaweza kuyumbisha alama. Uchanganyeni, mwandike kwenye ripoti kwamba mmeuchanganya, na ulizeni kabla ya safari pia, la sivyo alama za mwisho hazina cha kulinganishwa nacho.