Anaaga Peke Yake

Nafundisha historia ya sanaa. Kila tukifika zama za Malkia Victoria, huwaonyesha wanafunzi mchoro wa Mwingereza John Everett Millais uitwao kwa ufupi "Mhuguenoti", na huuonyesha kabla sijasema neno. Jibu huwa lile lile: wapenzi wamekumbatiana. Basi nawaomba watazame mikono.

Msichana anamfunga kijana kitambaa cheupe mkononi. Kijana amemshika kichwa kwa upole, kama mtu anavyombembeleza mtoto, huku vidole vya mkono wake wa pili vikikivuta kitambaa hicho hicho kifunguke.

Tuko Paris, 24 Agosti 1572, sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo. Siku hiyo Wakatoliki walianza kuwaua Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, na waliokufa walihesabika kwa maelfu. Kitambaa cheupe mkononi kilikuwa alama ya Mkatoliki. Kijana akikivaa atapona, lakini atakuwa ameikana imani yake.

Kiswahili chetu kinatenganisha kuaga na kuagana, na sijapata lugha inayoueleza mchoro huu vizuri zaidi. Kuagana ni kwa watu wawili. Hapa kijana anaaga. Msichana bado hajakubali kuagwa.

Awali Millais alitaka kuchora wapenzi tu kando ya ukuta. Rafiki yake William Holman Hunt aliona wazo hilo ni jepesi mno. Ndipo Millais akakumbuka opera (mchezo wa kuigiza kwa kuimba) ya mtunzi Meyerbeer kuhusu mauaji hayo, iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1836, ambamo Valentine anamsihi mpenzi wake Mhuguenoti, Raoul, ajifunge kitambaa cheupe. Ukuta wenyewe hakuubuni. Aliuchora akiwa Surrey, Uingereza, mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 22, tofali kwa tofali, pamoja na mitambaazi yake. Mwaka uliofuata mchoro ukatundikwa kwenye maonyesho ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wawili leso wajaribu mkao ule, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni kama kwenye mchoro. Aliyekuwa akifunga aliendelea kukaza. Hakujua kwamba fundo limelegea mpaka alipoteremsha macho, na msichana wa Millais bado hajayateremsha.