Walionyanyaswa utotoni katika taasisi: yanayosemwa kuhusu unasihi, na ukweli wake

"Ni mambo ya zamani. Mtu ana miaka sitini, anatafuta nini tena?"

Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza kati ya 2013 na 2017 jinsi taasisi, kama makao ya watoto na shule za bweni, zilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono wa watoto, ilisikiliza maelfu ya manusura faraghani. Kwa wastani, iliwachukua miaka 23.9 kabla ya kumweleza mtu yeyote, na wanaume walikawia kuliko wanawake. Kwa hiyo anayemwendea mnasihi akiwa na wajukuu hajachelewa. Mara nyingi kuna jambo lililotonesha kidonda: amestaafu, amefiwa na mwenzi wake, au anatakiwa kuhamia makao ya wazee, wakati kengele, foleni ya chakula na mabweni anavijua fika tangu utotoni.

"Akienda huko atalazimishwa kusimulia yote."

Hofu hii ndiyo inayowazuia wengi, nao wana haki ya kuogopa. Lakini wanasihi waliobobea katika kiwewe huanza na hali ya sasa: usingizi, pombe, hasira, na nini cha kufanya kumbukumbu zinapovamia mchana kweupe. Yaliyopita hufuata baadaye, kwa kiasi anachotaka mwenyewe. Wapo wanaopata nafuu bila kueleza tukio hata moja kwa kina.

Sababu inaeleweka. Katika taasisi mtoto hakuamua chochote: wakati wa kulala, nguo, hata jina, maana kwingine waliitwa kwa namba. Ndiyo maana kwenye chumba cha unasihi vitu vidogo ni vizito. Akae kiti kipi? Mlango ufungwe au ubaki wazi? Anaruhusu mnasihi aandike? Anayechagua kiti cha karibu na mlango na kuutazama saa nzima si mkaidi, anahakikisha tu kwamba njia ya kutokea ipo. Na huduma ikiendeshwa na shirika lilelile lililomiliki kituo walicholelewa, wengi hawatakanyaga hapo, hata ikiwa ya bure. Ireland ilianzisha huduma ya taifa ya unasihi mwaka 2000, isiyo na malipo, chini ya mamlaka za afya za umma. Binafsi naona kutengana huko na wenye vituo kuna uzito kuliko vyeti vya ukutani.

"Kama hakuguswa kingono, hakunyanyaswa."

Ripoti ya 2009 ya tume iliyochunguza unyanyasaji wa watoto katika taasisi za Ireland ilieleza pia vipigo, njaa, matusi na kutelekezwa. Kutenganishwa na ndugu zako bila maelezo nako huacha jeraha.

"Aliyetendewa naye atatenda."

Walio wengi hawafanyi hivyo kamwe. Uvumi huu ndio unaowafunga wanaume midomo, na wapo akina baba wanaoogopa hata kumwogesha mtoto wao wa kumzaa. Hilo huweza kusemwa kwa mnasihi bila aibu.

"Wanachotaka ni pesa."

Mpango wa fidia ulioanza Australia Julai 2018 una sehemu tatu: malipo, unasihi, na taasisi kumjibu manusura moja kwa moja, kwa mfano kwa kumwomba radhi. Anayekubaliwa anaweza kuchukua zote au baadhi. Wapo pia wanaotafuta kitu kingine kabisa, yaani faili lao lililowekwa na kituo. Humo mtu anaweza kukuta ameandikwa "kikojozi" au "mtundu", na wakati mwingine barua za mama yake ambazo hakuwahi kupewa. Kusoma faili hilo peke yako usiku ni hatari. Kulisoma na mnasihi, kurasa chache kwa siku, ni sehemu halali ya kazi yake.

"Kila ninachosema ni siri, basi."

Karibu kila kitu. Lakini ikibainika kwamba mtoto yuko hatarini sasa hivi, kwa mfano mtuhumiwa bado anafanya kazi na watoto, katika nchi nyingi mnasihi hulazimika kutoa taarifa. Muulize mipaka hiyo siku ya kwanza, kabla hujataja jina la mtu wala la kituo.